Chumba Alichokigeuza Fundi

Fundi alikuwa na tabia ya kulaza watu chini. Simaanishi kwa ngumi, maana mkono wake ungevunjika kabla ya pua ya mtu. Ukimwambia unataka chumba, alikuwa anakichora ardhini kwa unga wa ngano, ukubwa ule ule kitakaokuwa nao, kisha anakwambia, "Haya bwana, lala." Nawe unalala. Nimeshuhudia kwa macho yangu, nikiwa ndani ya gari la baba, tajiri mmoja mwenye kanzu nyeupe kama maziwa na saa ya dhahabu amelala chali kwenye mchanga wa kiwanja chake, na Fundi amesimama kichwani pake na kofia yake ya kitambo.

"Unaona nini?"

"Naona mbingu."

"Basi kitanda kisikae hapo. Hapo patakuwa na ngazi, na kila asubuhi utaamshwa na nyayo za shemeji zako."

Tajiri akainuka, akajipangusa mgongo, akasogea mikono miwili kushoto, akalala tena kwa adabu kama mtoto wa chuoni.

Miaka ile Riyadh nzima ilikuwa inachimbwa. Pesa ya mafuta ilikuwa imemiminika mpaka mwenye duka la vifungo akataka nyumba ya ghorofa, na kila nyumba ya ghorofa ikataka badrumu. Badrumu ni vyumba vya chini ya ardhi, lakini usifikirie ghala la magunia na panya. Walitaka zulia, vigae, taa za kuning'inia, choo cha rangi ya waridi, ukumbi wa wanaume kuchezea karata na chumba cha bibi wa nyumba kuficha vyombo asivyotaka mawifi wavione. Meli za saruji zilikuwa zinangoja zamu baharini huko Jidda, na mijini watu wanachimba kama vile kila mmoja ameambiwa mafuta yako chini ya jiko lake.

Fundi hakuwa injinia. Mainjinia walikuwa na miwani na makaratasi ya buluu. Lakini injinia akishamaliza kuchora shimo, mtu alipaswa kusema ndani ya shimo nini kikae wapi, na mtu huyo alikuwa jirani yetu, mzee mmoja mwembamba wa kwetu Unguja aliyepanga chumba kimoja cha udongo mtaa wa Manfuha, ukuta kwa ukuta na sisi. Mama alimwita kaka Fundi. Baba alimwita Fundi bwana. Mimi nilimwita Fundi wa Chini kwa Chini, akiwa mbali. Siku moja hakuwa mbali.

"Nani huyo wa chini kwa chini?"

"Mwizi mmoja wa shuleni kwetu, Fundi."

"Mh. Mwambie asiache alama za unga."

Nasema mapema alichokuwa anakitaka, ili msije mkadhani nasimulia vichekesho tu. Fundi alikuwa anamtaka mkewe. Alimwacha Unguja miaka mingi nyuma, yeye mke akibaki kumuuguza mama yake, na walipeana ahadi kwamba akizikwa mama atafuata. Mama mtu aliishi sana, Mungu amrehemu, alikuwa kama kobe. Alipofariki, mke alikuwa ameshapoteza macho. Yalianza na ukungu yakaishia giza. Kwa hiyo Fundi alikuwa na mke kipofu ambaye hajawahi kumwona akiwa kipofu. Alimwacha anatunga sindano kwenye mwanga wa koroboi. Kila akimkumbuka alimkumbuka akimtazama.

Sasa kafili wake, huyo aliyemdhamini karatasi za kukaa nchini, alikuwa anajenga nyumba Jidda, mtaa wa Al-Safa, yenye badrumu ya kuweza kuegesha basi. Akamwambia, "Nipangie na unikamilishie yote. Chumba cha mwisho, chenye mlango wake na choo chake, ni chako. Mlete mama wa nyumbani kwako, nitakutolea karatasi." Fundi alirudi siku ile kutoka sokoni Batha, alikokwenda kununua kamba, na badala ya kamba akaja na birika. Birika jipya. Mama akamtazama.

"Kaka Fundi, hili la nini?"

"La chumbani."

"Chumba kipi?"

"Ambacho hakijachimbwa," akasema, akalikumbatia kama paka.

Alikuwa na misemo yake ya kazi, mingine ya maana na mingine nadhani aliitunga papo hapo kuwanyamazisha wateja. Alisema, "Anza na choo. Chini ya ardhi mtu atavumilia kila kitu isipokuwa kukitafuta choo." Alisema, "Ukumbi usinuse jiko, na jiko lisisikie ukumbi, ndipo ndoa hudumu." Kulikuwa na madam mmoja aliyetaka kuta zote za badrumu yake ziwe vioo. Fundi hakumbishia. Alimwomba tu akae kwenye kiti katikati ya unga, na akatuma vibarua wake wanne wasimame pande zote nne wakamtazame kwa dakika tano bila kupepesa. Madam akasema halas, ukuta mmoja unatosha.

Lakini msemo aliourudia kuliko yote ni huu: "Juu unapanga kwa jicho. Chini unapanga kwa mguu." Alikuwa anaamini kwamba mtu akishashuka ngazi na kukosa dirisha, macho yanakuwa wageni, na miguu ndiyo wenyeji. Taa itazimika tu siku moja. Chumba kilichopangwa vizuri, taa ikizimika, mwenyewe anaendelea kumimina chai.

Na mtu huyo huyo, ninayewaambia alipanga nusu ya mashimo ya Riyadh, alikuwa anaogopa kulala chini ya paa. Kiangazi na kipupwe alilala darini, juu ya nyumba, kwenye kitanda cha kamba, amejifunga blanketi mpaka masikioni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mpishi hali kwake." Nikamwambia mpishi wetu ni mama na anakula kwake, na sana. Mama akanirushia mwiko.

Kwenye kupima hakudanganya hata unene wa ukucha. Kwenye dhumna alikuwa mwizi wa kutisha. Alificha vipande chini ya paja, na baba akimkamata, alisema vimeanguka wenyewe. Na alikuwa mchache wa maneno mpaka unaweza kukaa naye alasiri nzima ukapata "mh" mbili na "ewaa" moja. Ila ukimpa kanda ya kaseti na redio ya baba, Fundi anageuka kuwa mtangazaji. Mkewe hakuweza tena kusomewa barua bila mtaa mzima kujua yaliyomo, basi wakawa wanatumiana kanda. Zilikuja na watu, zikaenda na watu, kupitia duka la nguo alilofanyia kazi baba kule Batha. Fundi alipanda darini na redio, tukamsikia kutoka chini anavyomsimulia mkewe chumba.

"Ukiingia, mkono wa kushoto, kiunoni, utakuta ukingo wa saruji. Ushike. Usiuache. Hatua tano, kuna kidaka, kama vile vya ukutani kwa mama yako, humo nitaweka kopo la maji. Hatua tatu tena, goti lako litagusa kitanda. Ukitaka kulala, lala. Ukitaka kusali, endelea, hatua nne, mguu utakanyaga msala. Kumi na mbili tu, mke wangu. Rudia na mimi. Tano. Tatu. Nne."

Halafu alinyamaza kidogo, kama anampa nafasi ya kurudia.

Hatua hizo zilikuwa zangu. Nakiri kwa fahari na kwa aibu, mtachagua. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na Fundi alimwambia mama kwamba kimo changu ndicho cha mkewe hasa, bega kwa bega. Basi akachora chumba chote cha Al-Safa juu ya dari yetu. Mama alipanda akakuta kilo mbili za unga zimelala sakafuni.

"Kaka Fundi, huu unga wa mkate au wa nyumba?"

"Wa nyumba, dada."

"Basi leo watoto watakula ukumbi."

Lakini alikaa kwenye mkeka akatazama, kwa sababu naye alikuwa anamtaka huyo mke afike. Mama hakuwa na shoga wa Kiswahili Manfuha nzima, na tayari alikuwa ameshapanga wataongea nini.

Fundi akaweka ndoo mahali pa kidaka, masanduku mahali pa kitanda, mkeka mahali pa msala. Akanifunga macho kwa kitambaa cha kichwa cha mama. "Tembea. Usipogonga kitu, nakupa soda ya machungwa." Nikatembea kama malkia. Sikugonga ndoo, sikugonga sanduku, nikafika kwenye mkeka nikageuka na kuinama kama mcheza tarabu anayepokea tuzo. Fundi akaenda akaleta soda, baridi, inatoa jasho. Akaifungua. Akainywa yeye, yote, mpaka gesi ikampanda puani.

"Fundi! Sikugonga kitu!"

"Hukugonga. Na pale katikati pana kamba ya nguo ya mama yako, ukaiinamia. Kipofu gani anayeinamia kamba?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Tulirudia mara nyingi jioni zile, nami kila mara nilichungulia, kwa ustadi zaidi, nikijigonga hapa na pale makusudi ili nionekane mkweli. Alijua. Alikuwa anasogeza ndoo nusu hatua, anasogeza sanduku, anasema, "Mimi nataka miguu yake tu. Macho yake abaki nayo."

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Sisi wa Riyadh tukisali tunaelekea upande jua linakozama, maana Makka iko magharibi yetu. Mtu akikaa Riyadh miaka, kibla kinamwingia mwilini: jua linashuka, nawe unageukia huko bila kufikiri. Fundi alichora chumba cha mkewe vivyo hivyo. Mlango mashariki, kitanda katikati, msala ukuta wa magharibi, na miguu ya mwenye kulala imeelekezwa mbali na kibla, kama tulivyofundishwa wote tangu wadogo. Kila mtu aliyepanda darini aliona sawa, baba akiwamo, ambaye hakosi sala.

Lakini chumba hakikuwa cha Riyadh. Kilikuwa cha Jidda. Na Jidda iko ng'ambo ya pili ya Makka, ufukweni. Watu wa Jidda wanasali wakielekea jua linakochomoza.

Mimi niliona. Mwalimu wetu wa jiografia, mama mmoja wa Kimisri mwenye sauti ya filimbi, alitupa kazi ya kuchora ramani ya nchi nzima. Nikatia nukta Riyadh katikati, nikatia nukta Makka, nikatia Jidda pembeni ya bahari, nikaipaka bahari rangi ya buluu. Siku hiyo hiyo Fundi alikuwa anafunga vitu vyake kwa ajili ya safari ya kwenda kuanza kazi, na ule mchoro wake, kwenye karatasi ya kahawia ya mfuko wa saruji, ulikuwa juu ya sanduku letu. Kwenye ukuta wa mbele alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kuku: *msala, magharibi.*

Nikatazama karatasi. Nikatazama daftari langu. Nikaelewa kwamba Fundi mkubwa, mlaza matajiri, anakwenda kumsalisha mkewe akiipa Kaaba mgongo.

Nilifurahi! Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuipaka sukari. Nilikuwa bado na soda yangu moyoni. Nikasema, huu utani hauliwi mbichi. Nikauvundika kama mkungu wa ndizi. Atakaporudi likizo, watu wamejaa, dhumna iko mezani, nitamuuliza kwa upole, "Hivi Fundi, bibi akisali kule chini atakuwa anawasujudia samaki?" Nililala nacheka ndani ya shuka. Fundi akaondoka asubuhi, amekumbatia birika.

Utauliza, mtu mzima anakaaje Jidda miezi asijue kibla? Alijua. Msikitini alielekea sawa na wenzake, uwanjani alisali na vibarua sawa. Lakini ngazi za badrumu ile zilikuwa na kona mbili, na mtu akishashuka kona mbili hajui tena jua liko wapi. Chini alikuwa anafuata karatasi. Chini unapanga kwa mguu, na miguu yake ilikuwa ya Riyadh.

Alirudi baada ya miezi minne, kwa siku mbili tu, kutengeneza ikama yake, kile kibali cha kukaa nchini. Alikuwa amekonda zaidi, na vidole vimepasuka kwa saruji. Tulikaa darini wote, dhumna mezani, kama nilivyoota. Nikasafisha koo. Na kabla sijafungua mdomo akaanza yeye.

"Nimefanya ujinga," akasema, "ambao hata punda wa chokaa hawezi." Akatusimulia. Ameshamaliza kila kitu, ukingo, kidaka, kitanda cha saruji, vigae. Fundi wa umeme, kijana wa pale pale Jidda, akaingia kufunga taa, akauliza, "Ami, huyu anayekaa humu anaiabudu bahari?" Fundi akapanda juu mbio, akatazama jua, akashuka, akapanda tena.

Baba alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Fundi naye alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sauti, ili pasiwe na nafasi ya mtu kunitazama.

"Si ugeuze msala tu?" mama akauliza.

"Na kitanda je? Miguu yake inaelekea Makka. Kitanda chenyewe zege."

"Kivunje, ukijenge upya upande wa pili."

"Dada, chumba kile ameshakihifadhi." Alisema taratibu sana. "Tano, tatu, nne, mkono wa kushoto. Asiyeona humfundishi nyumba mara mbili. Nikimbadilishia atagongwa na ile ya kwanza maisha yake yote."

Basi alikuwa ameamua kukigeuza chumba kizima, kama unavyogeuza mkate juu ya chuma. Mlango wa mashariki auzibe. Atoboe ukuta wa magharibi, achimbe kijia kupita nyuma ya chumba cha pampu, mlango uje huko, na kila kitu kigeuke pamoja nao, ili mkewe aingie akute mkono wa kushoto ni ule ule na hatua ni zile zile, ila sasa mbele yake iwe Makka. Kafili alimwambia amerukwa na akili, kisha akampa saruji. Kazi ingechukua mwezi. Karatasi za mke zilikuwa tayari, na tikiti, na mtu wa kusafiri naye. Alikuwa ameshampelekea kanda: asubiri mwezi mmoja.

Jibu lilikuwa limefika dukani kwa baba siku hiyo hiyo. Akalitoa mfukoni, tukalitia kwenye redio. Ndiyo mara pekee niliyoisikia sauti ya mkewe, nene, ya kichokozi, nyuma yake majogoo wanawika.

"Mwezi mmoja, ewe bwana? Mimi nishahamia. Jana nimeamka, tano, nikanyoosha mkono nichukue kopo, nimeangusha taa ya dada yangu. Nakaa kwako huko, huku nawavunjia watu vyombo. Wewe ndiye umechelewa."

Fundi alirudisha nyuma akasikiliza tena. Na tena. Baba alikuwa anahesabu vipande vya dhumna bila sababu yoyote. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni, "Fundi, mimi nilijua," maneno matatu tu, na mwanamke anacheka kwenye redio. Nikainuka nikaenda kuosha vikombe. Mama akashangaa, maana sijawahi.

Homa ilimchukua mkewe kule Unguja, katika wiki ya tatu ya mwezi ule. Homa ya siku nne, ya watu wote, waliyougua mtaa mzima wakapona.

Simu ya maandishi ilifika dukani. Baba hakutaka Fundi aambiwe na karatasi, akapanda basi pale Batha usiku na mchana mpaka Jidda. Aliporudi alitusimulia mara moja na hajarudia. Alimkuta chini, kwenye kile kijia kipya, anapiga plasta ya mwisho kwenye ukingo. Fundi alimwona akafurahi, akasema, "Fundi bwana ni wewe leo! Shika hili karai, plasta haingoji." Baba akashika karai. Alisema hakuweza kumwambia. Alisimama pale na karai mpaka ukingo wote ukaisha, Fundi akipitisha kiganja chake juu yake na macho amefumba, akitafuta kijiwe chochote kitakachomkwaruza mtu. Alipoona hakuna, akafumbua macho. Ndipo akaona uso wa baba.

Tulikwenda umra mwaka uliofuata, na kutoka Makka tukashuka Jidda. Mama alikuwa amepika visheti, kopo zima, akasema hatupiti bila kumwona kaka Fundi. Kafili alikuwa amemwachia chumba. Sijui ni huruma au ni ahadi, labda vyote viwili, na Fundi alikuwa ndiye mwangalizi wa badrumu nzima, pampu na mafuriko yake. Madam wa nyumba ile alitupokea kwa kahawa, akatuonyesha mlango.

Tulishuka kona mbili. Miguu ya mama ilimshinda, akakaa kwenye kipande cha mwisho cha ngazi, pale pale mbele ya kijia, akasema, "Nenda mwanangu, nawaona hapa."

Mtu aliyelala darini kipupwe na kiangazi alikuwa anaishi chini ya ardhi. Niliona hilo kabla sijamwona yeye. Kulikuwa na taa moja. Ukingo wa saruji ulikuwa umeshang'aa kwa kushikwa, na mikono iliyoushika ilikuwa ya mtu mmoja. Kwenye kidaka palikuwa na kopo. Birika lilikuwa kando ya kitanda, jipya vile vile.

"Mkorofi," akasema. "Umerefuka. Umeniharibia vipimo."

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Akapokea visheti, akavinusa, akaviweka. Akakaa kwenye kiti chake kando ya mlango. Nikangoja "mh" zake, hazikuja. Halafu akasema, bila kunitazama, "Hakuna aliyewahi kukitembea. Mimi siwezi. Mimi naona hata nikifumba. Hebu nipimie."

Nilivua ushungi wa juu, nikajifunga macho mwenyewe. Nikakaza fundo mpaka likauma. Nikayafumba na macho yenyewe ndani, nikaona wekundu, kisha hakuna. Nikanyoosha mkono wa kushoto.

Ukingo ulikuwa kiunoni. Ulikuwa laini kama shavu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kiganja kikaingia kidakani, kopo likanigusa vidole, limejaa maji. Hakuna nilichotafuta. Moja, mbili, tatu, goti likagusa kitanda. Nikaelewa kuwa huyu mwanamke kweli alikuwa ameshahamia. Nikainua mguu wa kwanza wa zile nne.

Kitu kikanipiga paji la uso na kingine cha baridi kikanifunika uso mzima. Nikapiga kelele. Ilikuwa shati. Shati lake, limetoka kufuliwa, kwenye kamba aliyoifunga katikati ya chumba, mahali ambapo mchoro wake haukuwahi kuwa na kamba.

"Haa!" Fundi akacheka. Sauti yake ya zamani ya dhumna. "Leo umefumba! Dada, umeona? Leo hakuinama!"

Mama naye alicheka kule ngazini. Halafu Fundi akaishia katikati ya kicheko, nikamsikia anavuta pumzi, na pumzi haifiki anakoitaka.

Sikuliondoa shati. Kitambaa machoni, shati usoni, maji yananitiririka shingoni, nikasema.

"Fundi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kibla. Siku uliyokuwa unafunga vitu. Niliona kwenye ramani ya shule. Nikanyamaza ili uje nikucheke."

Pampu ikawaka upande wa pili wa ukuta, ikanguruma, ikazima. Shati lilikuwa linadondosha tone moja moja juu ya kigae. Niliyahesabu mpaka nikapotea. Kiti chake kikalia, nikajua ameinuka, nikangoja mkono wake, wa kunipiga au wa kunifungua kitambaa, na sikujua naomba upi.

Hakuja. Alisema kutoka pale pale mlangoni, kwa sauti ile aliyokuwa anaipelekea redio darini kwetu.

"Mkono wa kushoto. Usiuache ukingo. Zimebaki nne."

Nikanyoosha mkono. Ukingo ulikuwepo.